Fundi Saa na Sanduku la Sigara

Fundi saa alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuamini kitu asichoweza kukifungua. Miaka thelathini ya kuchokonoa saa za watu ilimfundisha kwamba kila kinachofika mezani pake ni kibovu, na kazi yake ni kukinyoosha.

Ndiyo maana kaka yake, alipomwachia sanduku la mti wa mwerezi na ufunguo wake kabla ya kuhamishiwa kazi ya mbali, alimpa onyo.

"Mdogo wangu, humu mna sigara nene ishirini na nne, za majani matupu ya tumbaku. Nikistaafu nitawagawia wenzangu nilioanza nao kazi. Ziache zizeeke taratibu. Wewe tia maji kidogo kwenye sponji iliyomo ndani, usome kipimo cha unyevu. Kikiwa sabini, usiguse kitu."

Miaka miwili mambo yalikwenda shwari. Kisha kiangazi kikaingia, na mshale wa kipimo ukashuka hadi hamsini na tano. Mtu mwingine angeongeza maji. Fundi saa alikitazama kile kidude, akacheka. "Umechelewa wewe!" Akachukua bisibisi nyembamba, akausogeza mshale hadi sabini kama asogezavyo mishale ya saa, akaendelea na shughuli zake bila kuutazama tena.

Miezi mitano baadaye, Jumatano asubuhi, kaka alipiga simu: angefika Jumamosi, na sherehe ya kustaafu ni Jumapili. Fundi akalishusha sanduku kutoka juu ya kabati, akabinya sigara moja. Ikalia kacha! Kavu kama kuni.

Tangu hapo hakutulia. Alilowesha sponji mbili hadi zikachuruzika, akazitia sandukuni. Kufika adhuhuri sigara moja ilikuwa imevimba, jani lake la nje limepasuka ubavuni. Akazitoa sponji mbio mbio. Akafunga. Akaenda dirishani, akarudi, akafungua tena.

"Baba watoto," mkewe aliuliza akiwa mlangoni, "unafungua, unafunga; hilo ni sanduku au feni?"

"Zimekauka, mama. Nilikirekebisha kipimo."

"Kwani kilikuwa kibovu?"

Fundi akakitoa kipimo sandukuni, akakigeuzageuza.

"Ehe! Mgonjwa ana homa, wewe unatibu kipimajoto."

"Usinicheke."

"Sikucheki. Mpigie shemeji. Mficha uchi hazai."

Mara mbili aliikata simu kabla haijaita. Mara ya tatu kaka akapokea, na fundi akasimulia yote huku akikizunguka kitanda.

"Zimepasuka ngapi?" kaka akauliza.

"Moja."

"Hiyo utaivuta mwenyewe, hata kama huvuti." Kaka akashusha pumzi. "Ukavu unatibika, lakini si kwa siku tatu. Weka sponji yenye unyevu mdogo tu, ulifunge sanduku miezi miwili. Jumapili nitawaambia wenzangu kwamba zawadi inakuja. Watanisimanga, najua."

Neno hilo lilimchoma fundi kuliko tusi. "Nisamehe, kaka."

"Msamaha niombe baada ya miezi miwili. Na ufunguo mpe shemeji."

Fundi akaikamua sponji vizuri, akaiweka mahali pake, akafunga. Mkewe aliupokea ufunguo, akautia mfukoni, akarudi jikoni.

Fundi akabaki na sanduku ambalo hawezi kulifungua, na siku sitini za kuamini tu. Akaketi kitandani. Akasimama. Akaketi tena.