Mtenganishaji Aenda Kuposa

Kahiga alirudi Nyeri kutoka ng'ambo mwaka 1969 akiwa na koti zito, ambalo baridi ya kwetu ililipatia kazi mara moja, na taaluma ambayo hakuna jirani aliyeweza kuieleza. Alifundisha uhandisi wa kemikali katika chuo kikuu, Nairobi: namna ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika. Chumvi na maji. Mafuta na mbegu zake. Zaidi ya yote, ile dawa ya kuua wadudu iliyojificha ndani ya maua ya pareto. Watu wa kwao walimwita Profesa muda mrefu kabla chuo hakijakubali.

Alipotaka kumwoa Wacera, mwalimu wa Kianyaga mwenye kicheko cha kuamsha kuku, alihitaji msemaji. Siku ya posa bwana harusi hajisifu. Husifiwa na wazee wake huku yeye akitazama viatu. Msemaji akawa baba yake mdogo, Wamae, fundi wa kushona nguo.

"Nikiulizwa kazi yako, nisemeje?" Wamae aliuliza njiani.

"Sema natenganisha vitu vilivyochanganyika."

Wamae aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo hadi Kianyaga. Lakini barabara ilikuwa na mashimo mengi, na neno "vitu" likadondoka katika mojawapo.

Baba yake Wacera, Mzee Ndungu, alikuwa mzee wa kanisa aliyeijua Biblia kama alivyoijua mibuni yake. Chai ilipokwisha kumiminwa, akauliza, "Sasa huyu kijana yenu anafanya kazi gani?"

Wamae akasimama. "Anatenganisha!"

"Anatenganisha nani?"

"Wale wamechanganyika! Hata wakiwa wameshikana namna gani, yeye anawaachanisha. Serikali inamlipa. Na ako na wanafunzi, anawafundisha watenganishe na wao!"

Ndungu akavua miwani taratibu, kama mtu anayejiandaa kwa mazishi.

"Aliowaunganisha Mungu, mwanadamu asiwatenganishe," alisema. "Na ndiye huyu mnaniletea? Kwa msichana yangu?"

Kutoka pembeni, ndugu yake Ndungu, aitwaye Moffat, akakohoa na kumgeukia Kahiga. "Ngojeni kidogo. Daktari, kama mtu ako na bibi huko Doldol, hiyo kazi yako inafika?"

"Moffat, nyamaza!" Ndungu akafoka.

Kahiga alimwona Wacera mlangoni, ameshika mdomo, na akajua kwamba akiendelea kutazama viatu atarudi Nyeri peke yake. Akavunja desturi. "Mzee, ni vitu tu. Si watu."

Ndungu akakitazama kikombe chake. Majani, maziwa, maji na sukari, vyote vimechemshwa pamoja hadi kila kimoja kimesahau jina lake. "Haya. Tenganisha hii. Ukishindwa, basi ni watu."

Mtu mwenye busara angecheka na kubadilisha mazungumzo. Kahiga alikuwa mwalimu. Aliomba sufuria, kifuniko, limau na kitambaa safi, na ukoo mzima ukamfuata jikoni. Akakamua limau, maziwa yakagawanyika. Akachuja. Akachemsha kilichobaki, akawa anakusanya matone ya mvuke uliopoa kifunikoni. Punde alisahau yuko wapi, akaanza kuwauliza maswali shangazi zake Wacera. Mmoja aliyejibu sawasawa akaambiwa, "Vizuri sana, kaa chini."

Hatimaye alileta mezani kikombe cha maji meupe na donge la maziwa ndani ya kitambaa. Sukari na rangi ya majani vilikuwa vimeungua vyeusi kwenye sufuria, vimeshikana kuliko mwanzo.

Ndungu akaonja. "Hii ni maji."

"Ndiyo, mzee!"

"Maji tuko nayo kwa mto. Sasa irudishe ikuwe chai."

Kahiga akalitazama donge, akayatazama maji. Nje ukungu ulikuwa umeukumbatia mlima, hata usingeweza kusema jiwe linaishia wapi na wingu linaanzia wapi.

"Hiyo siwezi, mzee."

"Ati huwezi? Na miaka yote umesoma?"

"Kutenganisha nimesomea. Kurudisha sijui."

"Na sufuria yangu?" aliuliza mama yake Wacera.

"Hiyo pia siwezi, mama."

Wacera akashindwa kujizuia. Alicheka, kuku wakaruka uani. Ndungu hakucheka. Alivaa miwani tena, akamtazama Kahiga kwa muda.

"Kama anajua kitu ikitenganishwa hairudi," alisema, "ataogopa. Wengi wanaachana hawajui hiyo." Akamgeukia Wamae. "Mbuzi tutaongea. Lakini mbele ya mbuzi, sufuria mpya. Na jikoni asiingie tena."

Siku ya harusi, mchungaji alipolifikia lile andiko, kanisa zima liligeuka kumtazama bwana harusi. Mchungaji akamtaka aahidi kwa sauti.

"Sitatenganisha," alisema Kahiga.

"Hata Doldol?" akauliza Moffat kutoka nyuma.

Kahiga alifundisha hadi mvi zikamjaa, na ile njia yake ya kukamua pareto ndiyo iliyomfanya profesa wa kweli. Kila mwaka darasa jipya lilimsikia akisema kwamba kuchanganyika huja kwenyewe, bali kutenganisha kuna gharama, na wanafunzi waliandika wakidhani ni habari ya joto. Nyumbani jioni aliweka kigoda chake nje ya mlango wa jikoni, akingoja chai, akinusa.

"Profesa," Wacera angemwambia bila kugeuka, "rudisha huo mguu."

Naye angeurudisha.