Kengele ya Eufrasia yajifunza njia ya ng'ombe wa mnada

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, Alhamisi, pikipiki inazimwa katikati ya barabara ya vumbi itokayo Mwakitolyo kwenda Shinyanga mjini. Mbele ng'ombe, nyuma ng'ombe. Eufrasia Maduhu, fundi simu wa Ngokolo mwenye umri wa miaka 31, anashuka, anamsalimu mchungaji kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kisha anatoa daftari na kuandika saa.

Dereva wa bodaboda analalamika, Eufrasia wala hana haraka. Ng'ombe hawa, wanaoswagwa kwenda mnadani kila Alhamisi, ndio waliomwaibisha mwezi uliopita. Leo amekuja kuwapima.

Eufrasia anatengeneza kengele ya simu, lakini si ile ya kukuamsha. Unaiambia unatakiwa wapi na saa ngapi. Yenyewe inaangalia ulipo, hata pasipo na mtandao, inakadiria safari, halafu inalia muda wa kuondoka ukifika. Ukihama, inahesabu upya.

Alianza baada ya kuumia mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita aliitwa kwenye usaili wa kazi mjini Shinyanga. Kengele ililia saa kumi na mbili kama alivyoizoea, ila siku hiyo alikuwa amelala kwa dada yake Nyahanga, Kahama, mbali na mjini. Alipofika, mlango ulishafungwa.

"Kengele haikukosea hata dakika," anasema. "Ilidhani niko kwangu, basi. Nililia, nikanyamaza, nikasema hiki kitu nitakitengeneza mimi."

Kazi hiyo amejifunza kwa video za mtandaoni, kati ya mteja na mteja. Kibanda chake humwingizia kama shilingi elfu kumi na tano kwa siku, na siku ya kupima barabara hakifunguliwi. Majirani wanamtania kwamba anaifundisha simu kutembea. Anawaambia wangoje waone.

Wa kwanza kumwamini ni Mwaisha, mama lishe wa Mwakitolyo. Mwaisha hakai mahali pamoja. Duara moja, yaani shimo la wachimbaji, likitema dhahabu, watu wote hukimbilia huko, naye hubeba masufuria akawafuata. Leo yuko kando ya barabara, kesho nusu saa ndani porini.

Binti yake Yasmini, miaka sita, ana selimundu, ugonjwa wa damu. Kliniki yake mjini ni Alhamisi moja kwa mwezi, na uandikishaji hufungwa saa nne. Aliwahi kuikosa, dawa zikaisha, mtoto akalazwa siku nne.

Mwezi uliopita kengele ililia na Mwaisha akaondoka papo hapo. Ng'ombe wakamkalisha njiani dakika hamsini. Akafika saa nne na robo, akaambiwa arudi mwezi ujao. Hakugomba. Alikwenda moja kwa moja kibandani Ngokolo, mtoto mgongoni.

"Mdogo wangu," alimwambia, "simu yako inajua nilipo. Haijui ng'ombe walipo."

"Bora angenitukana," anasema Eufrasia.

Tangu hapo amesafiri njia hiyo kila Alhamisi. Kuuliza watu kulimshinda. Huku ukimuuliza mtu safari ni muda gani atakujibu "hapo tu," hata kama ni mwendo wa kutwa. Kwa hiyo anapanda mwenyewe, anakwama mwenyewe, na siku za minada zote amezitia kwenye kengele.

Alhamisi iliyofuata ni kliniki. Eufrasia yuko kwenye benchi la kliniki tangu saa mbili. Juzi Mwaisha amehamia duara jipya, mbali zaidi, na simu yake haipatikani. Saa tatu inapita. Eufrasia anaangalia mlango tu.

Saa tatu na dakika ishirini na tano Mwaisha anaingia na Yasmini, unga wa maandazi umemkaukia mikononi.

"Imelia nimeshaweka mafuta jikoni," anasema. "Nikaona hii imechanganyikiwa, mbona mapema hivi? Nikasimama hapo. Halafu nikaepua."

Eufrasia anafuta macho kwa kanga. Yasmini anaandikwa, wa saba. Fundi anafungua daftari, anaandika saa, na hapo hapo anaanza kumuuliza Mwaisha habari za mto ulioko njiani, ambao sasa ni mchanga mtupu.

"Mvua zikianza utajaa, na kengele bado haijui tope," anasema. "Nitafunga kibanda niende. Nataka nikwame mimi kwanza, kabla hawajakwama hawa."