Mkono wa Kulia na Daftari la Fedha

Mwaka ule serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi, mkuu wetu wa shule pale Newala aliniita ofisini, akanipa kiti, akaagiza chai. Nikajua habari si njema, maana chai ya ofisini haiji bure. Nilikuwa mwalimu wa historia na maarifa ya dini, mwenye shahada ya sheria za Kiislamu niliyoipata ng'ambo, na umri wa miaka hamsini kasoro kidogo.

"Sheikh," akasema, "walimu wa historia ninao watatu. Wa somo la utunzaji wa hesabu sina hata mmoja. Orodha ya watakaopunguzwa inafungwa mwisho wa mwaka ujao. Ukiniletea cheti cha uhasibu kabla ya hapo, nina pa kukuandika. Usiponiletea, sina."

Hakusema kwa ukali. Mpaka leo namshukuru, kwa kuwa wengine walipelekewa barua tu.

Siku zile wahasibu walitafutwa kila mahali. Wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wamerudi, hospitali zimeanza kutoza malipo, na kila ofisi ilitaka mtu wa kueleza fedha imeingiaje na imekwenda wapi. Chuo kimoja kikafungua darasa Masasi, la mwaka mmoja, kwa watu wenye shahada za mambo mengine wasiojua uhasibu. Waliliita stashahada ya uzamili. Ada yangu ilitoka kwenye mikorosho ambayo mke wangu aliachiwa na mama yake.

"Nenda kasome," aliniambia. "Mimi niliolewa na mwalimu. Sitaki kuanza kuzoea mume mwingine uzeeni."

Basi kila Ijumaa, baada ya swala, nilidandia lori la kushuka Masasi na kulala kwa dada yangu, mtaa wa Lisekese. Alikuwa akiniwekea ndoo nzima ya maji, maana kwetu Newala, juu mlimani, maji ni adimu. "Oga, mtu wa Newala. Huku maji hatupimi kwa kikombe." Jumamosi asubuhi niko darasani.

Tulikuwa watu tisa kwenye chumba cha shule ya msingi, magoti yamebana chini ya madawati ya watoto. Mimi niliketi na wawili. Mmoja alikuwa mama mkunga wa hospitali ya misheni upande wa Lulindi, muuguzi mwenye shahada, ambaye kanisa lilitaka asimamie hospitali yote. Wa pili alikuwa bwana shamba, Mngoni wa Songea, naye akiiogopa orodha kama mimi. Mimi ni Myao, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hata ya kusalimiana.

"Unatoka Newala?" aliniuliza siku ya kwanza. "Babu zetu waliwakimbiza babu zenu mpaka huko juu. Kumbe hamjashuka tu?"

"Tulikuwa tunangoja muondoke," nikamjibu.

Mwalimu wetu alikuwa kijana wa kutoka Mtwara, mwenye adabu sana. Alitufundisha kwamba kila hesabu ina pande mbili. Katika daftari la fedha, kinachoingia huandikwa kushoto, kinachotoka huandikwa kulia. Nililiandika jambo hilo kwa mwandiko mzuri, nikalipigia mstari, nikaona nimelielewa.

Lakini nilikuwa na desturi yangu. Tangu utotoni, rasimu zangu zote naziandika kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, ndipo nanakili. Tena katika chuo cha Kurani, nilipokuwa na miaka minne, maalimu alikuwa akinichapa mkono wa kushoto kila nilipounyosha kupokea kitu, hata kama ni kipande cha kashata. Kupokea ni kwa mkono wa kulia. Jambo hilo lilikuwa limekwisha kuingia mwilini, halikuwa tena la kufikiri.

Ukaja mtihani wa majaribio. Tulipewa hesabu za duka la nguo, tuandike daftari la fedha na hesabu za wadai na wadaiwa, kisha tutengeneze urari, yaani tujumlishe pande zote mbili tuone kama zinalingana. Nilimaliza kabla ya wote. Pande zikalingana mpaka senti ya mwisho. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti, hata mtani wangu akageuka kunitazama.

Jumamosi iliyofuata yule mwalimu kijana akaja mpaka kwenye dawati langu.

"Shikamoo, Sheikh."

"Marahaba, mwanangu."

Akaninyoshea karatasi yangu kwa mikono miwili. "Naomba unisamehe," akasema. Juu ya karatasi palikuwa na sifuri.

Nilikuwa nimegeuza kila kitu, mwanzo hadi mwisho. Kilichoingia nimekiweka kulia, kilichotoka kushoto. "Duka lako, Sheikh," akanieleza kwa upole, "likiuza linatoa fedha, likinunua linapokea."

"Nielekeze lilipo!" akadakia mtani wangu. "Leo hii nanunua doti kumi!" Darasa zima likacheka. "Kumbe babu zako walipanda mlima kinyumenyume!"

Nami nilicheka kidogo, kwa ajili ya adabu. Kilichoniuma si sifuri. Kilichoniuma ni kwamba pande zililingana. Maisha yangu yote nimefundisha kwamba mizani ikikaa sawa, haki imepatikana. Sasa naona pande mbili zinaweza kukubaliana vizuri kabisa juu ya kosa.

Ilibaki miezi miwili. Nilifanya mazoezi kila siku baada ya alasiri. Nikienda polepole nilipata. Nikiharakisha, mkono ulirudi kulekule. Kijana akaniambia wazi kwamba swali kubwa la mtihani litakuwa la namna ileile, na nikiligeuza, hakuna swali jingine la kuniokoa. Nikaanza kumwandaa mke wangu kwa mume mwingine.

Jumamosi moja wakati wa mapumziko, mama mkunga alinijia na kikapu chake. "Sheikh, nishikie hiki."

Nikakipokea kwa mkono wa kulia. Kilikuwa kizito.

"Sasa nipe karanga zilizomo humo."

Nikahamishia kikapu mkono wa kushoto, nikaingiza wa kulia, nikatoa karanga, nikampa. Hakuzila. Alibaki kunitazama.

"Umepokea kwa kulia, ndivyo ulivyolelewa," akasema. "Lakini kikapu kimekwenda kukaa wapi?"

"Kushoto."

"Na karanga zimetoka kwa mkono upi?"

"Wa kulia."

"Haya. Mimi mtoto nikimpokea, namlaza mkono wa kushoto. Wa kulia unabaki wa kutoa: dawa, kitambaa, vyote. Acha kuuliza kitu kimepokewa na mkono gani. Uliza kimekaa wapi."

Mtani wangu alikuwa akitafuna muhogo pembeni. "Na sadaka je?" akasema, kama anayejisemea. "Si inatoka kwa mkono wa kulia, wa kushoto hata usijue? Au kwenu Newala ni kinyume?"

Fundisho hilo la sadaka ya siri nimelisomesha miaka mingi, na mama mkunga amelisikia kanisani kwake vilevile. Kulia ni upande wa kutoa. Nilikuwa nalo kifuani siku zote, sikujua kama ni la uhasibu pia.

"Mtani," nikamwambia, "leo umesema neno."

"Liandike kushoto," akajibu. "Limeingia."

Siku ya mtihani sikuandika rasimu. Mke wangu alikuwa amenifungia korosho za kukaanga kwenye leso. Nikazishika katika mkono wa kushoto, wa kulia ukashika kalamu, na muda wote sikuziachia. Msimamizi akanijia.

"Mzee, umeshika nini?"

Nikafungua leso. Akazihesabu kwa macho. "Hairuhusiwi kula humu."

"Sili, mwanangu. Nimeshika tu."

Akaniangalia kidogo, akaenda zake. Nikaliandika swali kubwa moja kwa moja, kushoto kilichoingia, kulia kilichotoka, na pande zilipolingana sikusema kitu. Nilirudi mwanzo nikakagua mstari kwa mstari.

Matokeo yalifika wiki chache kabla ya orodha kufungwa. Mama mkunga aliongoza. Mimi nilifaulu, kwa alama zisizo za kujisifia. Mtani wangu alifaulu kunizidi, ila wizara yake haikungoja cheti, jina lake likawamo kwenye orodha. Kabla ya kurudi Songea, ambako alipata kazi ya vitabu vya hesabu kwa mnunuzi mmoja wa mahindi, alipanda mpaka kwangu. "Nimekuja kuona mlipojificha," akasema. Akala, akalala, asubuhi mke wangu akampa korosho za njiani. Nimemwombea dua kila Ijumaa tangu hapo.

Shule ilipofunguliwa, mkuu aliniita tena ofisini. Safari hii hapakuwa na chai. Alinipa ratiba mpya ya masomo, jina langu limeandikwa mbele ya utunzaji wa hesabu, kidato cha kwanza na cha pili. Nikaipokea kwa mkono wa kulia, nikaibana kwapani upande wa kushoto, ndipo nikampa mkono.