Mama Kikombe

Nilibatizwa muda mfupi baada ya uhuru, katika kanisa letu dogo la makuti nje kidogo ya Msambweni. Nilikuwa nimeolewa huko kutoka bara ya Kinango, na mume wangu alikuwa kibarua wa mashamba ya miwa. Mwinjilisti aliponiuliza ni mambo gani ninayaacha, nilitaja hirizi niliyofungwa kiunoni na safari za kwenda kwa mganga. Ulimi wangu sikuutaja, kwa sababu sikujua kwamba nao ulikuwa na makosa.

Nilikuwa na kipawa cha kuwapa watu majina. Nikimtazama mtu mara mbili, jina linakuja lenyewe, na nikilitamka kisimani wanawake wanacheka mpaka wanaweka ndoo chini. Kufikia jioni mtaa mzima umelishika. Jirani yetu mmoja, mjane wa Kiislamu aliyenizidi umri, alikuwa na desturi ya kupita nyumba za watu na kikombe cha bati akiomba chumvi au mafuta ya kupikia. Nikamwita Mama Kikombe. Baada ya kubatizwa niliendelea kumwita hivyo, na Jumapili nikiimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Yapata mwaka mmoja baadaye nilimkuta binti yake amekaa njiani asubuhi. Alikuwa wa miaka tisa hivi.

"Mbona hukwenda shule?" nikamwuliza.

"Sitaki. Wananiita Kikombe."

"Nani wanaokuita?"

"Wote."

Hakujua jina lile limetoka wapi. Alinijibu kwa adabu, kama mtoto anavyomjibu mtu mzima, na adabu ile ndiyo iliyonichoma.

Nilimsimulia mume wangu. Akasema, "Hata mimi namwita hivyo. Kwani jina lake halisi nani?"

Sikulijua. Tuliishi naye mtaa mmoja miaka mitano, na sikulijua.

Kesho yake nilikwenda kwake. Alikuwa amekaa mkekani nje ya nyumba akishona makuti. Nikabisha hodi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nikamweleza kwamba jina lile nililitunga mimi.

"Nalijua hilo," akasema. "Maneno ya kisimani hayakai kisimani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungenipa la pili."

Nikamwomba msamaha. Akamaliza kuti alilokuwa nalo, akaliweka juu ya mengine.

"Nimekusamehe kwa ajili ya Mungu," akasema. "Lakini mwanangu hajarudi shule, na mimi sina mdomo wa kuwanyamazisha watoto wa watu. Wewe unao."

Nikamwuliza jina lake. Hapo ndipo aliponitazama, kisha akanitajia. Sitaliandika hapa, lakini lilikuwa jina zuri.

Siku iliyofuata nikawaambia wanawake wenzangu kisimani kwamba nimekosa, na kwamba yule mama aitwe kwa jina lake. Mmoja akasema, "Si wewe uliyetufundisha?" Nikasema, ndiyo, ni mimi. Mwingine akasema ulokole umenipanda kichwani. Nikaenda kwa mwalimu wa shule nikamwomba azungumze na wanafunzi, kisha kwa wiki kadhaa nikawa nampeleka yule binti mwenyewe mpaka mlango wa darasa. Watoto wengi waliacha. Wengine hawakuacha, na wapo watu wazima waliomwita mama yake Kikombe mpaka wao wenyewe walipohama mtaa ule. Neno nililolitamka mara moja lilinichukua miaka kulikusanya, na sikulikusanya lote.

Mimi mwenyewe sikubadilika kwa siku moja. Alipokuja kisimani fundi cherehani mgeni, mwenye masikio makubwa, jina lake lilinifika mdomoni kabla hajamaliza kutusalimu. Nilichukua ndoo yangu ikiwa nusu nikaondoka, nikiomba Mungu njia nzima. Wanawake waliona nimekuwa baridi, na kwa muda mrefu hakuna aliyeniita barazani kwake kuzungumza. Upweke ule ulinikaa. Nilikuwa nimezoea kupendwa kwa sababu ya kicheko, na sasa sikuwa nacho.

Aliyebaki ni yule mjane. Alinifundisha kushona makuti, tukawa tunakaa pamoja alasiri. Siku moja akaniuliza, "Huko kanisani kwenu mnafundishwa nini hasa?"

"Wenzangu sijui," nikasema. "Mimi nafundishwa kunyamaza."

Akacheka, na sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

"Bado hujahitimu," akasema. "Jana nilikusikia kutoka hapa ukimsema mume wako."

Nikakiri kwamba ni kweli, na jioni ile nilimwomba mume wangu radhi.