Kaka Yangu na Kifo cha Inspekta

"Funga duka, wifi, uje." Hayo tu ndiyo mke wa kaka yangu aliyoniambia kwenye simu. Nilikuwa nimesimama mbele ya mashine ya fotokopi, natoa nakala za vyeti vya msichana anayetafuta kazi. Nilisubiri nakala iliyokuwa imeanza kutoka, nikamkabidhi vyeti vyake, nikamwomba radhi. Akaniangalia usoni, akaniuliza kama nimefiwa. Nikamjibu, "Ndiyo," na ni kwa kusikia sauti yangu mwenyewe ndipo nilipoamini.

Duka langu na saluni ya kaka vinagawana ukuta mmoja. Wanaume walikuwa humo, na kupitia ukutani nilimsikia Mtungi, yule muuza gesi, akibisha juu ya Inspekta wa televisheni, "Kwani ulitaka aelee kama boga?" Wakacheka. Nikaingia, nikasimama mlangoni. Kinyozi aliyekuwa akimshikia kaka nafasi alizima mashine. Fundi Saa, mwenye meza yake ya kutengeneza saa barazani pale nje, alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena.

Kaka yangu alikuwa kinyozi maisha yake yote ya utu uzima. Watu walimwita Wembe, ingawa ulimi wake ndio uliokuwa mkali kuliko wembe. Baba yetu alipotutoka, yeye aliacha shule ili mimi nibaki shuleni, na hakuwahi kunikumbusha hilo hata siku tuliyokosana. Alikuwa na kasoro moja ambayo kila mteja aliijua. Ubishi ukipamba moto, aliacha kunyoa. Alishika kitana juu kama mwalimu wa kwaya, na wewe ukabaki kitini na kichwa nusu, shuka limekufunga shingoni, mpaka hoja iishe. Mtungi aliwahi kwenda kuuza gesi na upande mmoja wa kichwa umenyolewa, kwa sababu alikataa kukiri kwamba ameshindwa. Alirudi jioni. Kaka akamwambia, "Kaa. Tulikuwa wapi?"

Ubishi mkubwa kuliko wote ulikuwa wa Inspekta. Alikuwa mtu wa kwenye televisheni, mpelelezi katika tamthilia iliyokuwa ikioneshwa kila Alhamisi jioni. Saluni ilijaa siku hiyo kuliko siku ya mpira. Katika sehemu ya mwisho ya msimu, wahalifu walimpiga Inspekta risasi darajani, akatumbukia mtoni. Ikaoneshwa kofia yake inaelea. Kisha akaoneshwa binti yake nyumbani, akiacha mlango bila kuufunga kwa komeo, akimsubiri. Ikaishia hapo.

"Amekufa," kaka alisema kabla hata majina hayajamaliza kupita. "Risasi tatu, daraja refu, mto umefurika. Mnataka nini zaidi?"

"Mwili," Fundi Saa akajibu. "Nioneshe mwili, nami nitavaa nyeusi."

"Wameula samaki."

"Samaki gani hao," Mtungi akadakia, "wanakula inspekta mzima na viatu vyake, halafu wanaacha kofia?"

Waligawanyika kambi mbili. Wa kaka walisema amekufa, wa Fundi Saa walisema yuko hai, amejificha. Mimi nilisikiliza kupitia ukutani na kusikitika. Naomba niseme kweli, niliona ni upuuzi watu wazima kupandishiana sauti kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kuishi.

Kisha kaka akaugua. Macho yalianza kuwa ya manjano, suruali zikamlegea, na hospitali wakatuambia kwamba ini limeharibika na hakuna la kufanya ila kumtunza. Kwa muda aliendelea kwenda saluni. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mwenzake akinyoa. Na hapo wale wanaume wakafanya kosa ambalo lilimuumiza kuliko ugonjwa. Wakaacha kumbishia.

Alikuwa akisema, "Inspekta amekufa," nao wakajibu, "Ni kweli, kaka." Fundi Saa, ambaye hakuwahi kukubali kushindwa na mtu yeyote, alisema, "Nimefikiri, naona uko sahihi." Mtungi aliinamisha kichwa. Mmoja akampelekea maji. Kaka aliniambia jioni ile, nilipomsindikiza nyumbani, "Dada, wamenizika. Nimekaa pale nikiwa nimekwisha kuzikwa, wananiambia ndiyo, ndiyo, kama watu wanaomwagia maji kaburi."

Baada ya wiki chache hakuweza tena kutoka. Nilimleta mchungaji. Kaka aliomba naye kwa moyo wote, akaitikia amina kwa sauti. Kisha akamuuliza, "Mchungaji, ile tamthilia ya Inspekta unaiangalia?"

"Anaiangalia mama mchungaji," akajibu. "Mimi napita tu sebuleni."

"Ulipokuwa ukipita, uliona amekufa?"

Mchungaji akakohoa. "Nilitokwa na machozi kidogo," akasema. Kaka akacheka mpaka akashika ubavu.

Mchungaji alipoondoka, kaka akanishika mkono. "Nenda kaniitie Fundi Saa. Mwambie aje aniambie nimekosea."

"Kaka, huu si wakati wa televisheni. Ni wakati wa kumwelekea Mungu."

"Mungu nimemwelekea, umenisikia mwenyewe. Sasa nataka kuwa mtu mpaka siku aliyoipanga."

Nilimkuta Fundi Saa mezani kwake. Nikampa ujumbe. Akatikisa kichwa bila kuinua macho kwenye saa aliyokuwa ameifungua. "Dada, nitabishanaje na mtu anayekufa? Watu watasema sina utu."

"Akishakufa utabishana naye vipi?" nikamuuliza. Yalinitoka tu.

Alikuja kesho yake alasiri. Alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda, akajaribu kuulizia hali. Kaka akamkatiza. "Hali unaiona. Inspekta je?"

Fundi Saa akasogeza kigoda karibu. Kisha akasema polepole, "Yuko hai. Nilikudanganya kule saluni. Wewe ni mkaidi, umekosea tangu mwanzo, na huna ushahidi hata wa kuokota."

Sijawahi kuona mgonjwa akikaa kitandani kwa haraka vile. Walibishana mpaka wifi akaja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi. "Mnataka kuniulia mume?"

"Tulia, mama watoto," kaka akamwambia. "Leo napumua."

Lakini katikati ya ubishi sauti yake ilibadilika. "Sikiliza, Fundi. Yule binti ameacha mlango wazi. Kila ukisema baba yake yuko hai, unamwambia aendelee kuuacha wazi. Mwaka mzima, miaka miwili, anasikiliza hatua za watu barabarani. Mwache mtu awe amekufa, ili wanawe wapate kulia na kulala."

"Ndiyo maana nasema mwili," Fundi Saa akajibu. "Hakuuona. Atafungaje mlango?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona kaka akishindwa na hoja. Kisha akamgeukia mkewe, ambaye alikuwa ameshasema mara kadhaa kwamba watoto hawataruhusiwa kukaribia jeneza, hasa yule mdogo wa kike. "Umesikia? Siku yangu ikifika, wanangu wanione. Wote. Usimfiche hata mmoja." Wifi alijifunika uso kwa khanga. Akaitikia kwa kichwa.

Mimi naamini ufufuo. Naamini nitamwona kaka. Lakini siku ile nilielewa kwamba imani yangu hainipi ruhusa ya kujifanya hakuna aliyekufa.

Tulimzika Jumamosi. Jeneza liliwekwa sebuleni, likafunguliwa. Shangazi mmoja alitaka kuwatoa watoto nje, wifi akamzuia. Mkubwa aliangalia akaondoka upesi. Yule mdogo alibebwa na mama yake, akamgusa baba yake kwenye paji la uso, akasema, "Ni baridi." Mama yake akamwambia, "Ndiyo, mwanangu. Baba amekufa." Mtoto akalia, na sote tukalia naye.

Makaburini, mchungaji alitoa nafasi kwa marafiki. Fundi Saa akasimama. Alisema marehemu alikuwa rafiki yake, kwamba marehemu alikosea kuhusu Inspekta, akawa sahihi kuhusu jambo kubwa zaidi: aliyekufa aachwe awe amekufa, ili wanawe wapate kulia. Akaketi. Watu wa saluni waliinama wakitabasamu huku wanafuta macho.

Mchungaji akaomba. Wanaume wakashusha jeneza kwa kamba. Watoto walirusha udongo kwanza, kisha wifi, kisha mimi. Mtungi na wenzake wakashika makoleo wakafukia mpaka wakamaliza. Tuliweka maua, tukaimba ubeti mmoja, tukarudi nyumbani.