Kuomba Radhi Si Kuacha Kazi

Siku ya kwanza nilipovaa kofia ngumu ya ukaguzi, kufunga kamba ya kidevuni kulinishinda. Tulikuwa mlangoni mwa karakana moja pale Msata, malori yanaingia na kutoka, na mimi ni afisa kazi mpya, mwanamke peke yangu kwenye msafara. Afisa Kazi Mfawidhi, yaani mkuu wa ofisi yetu, alinifungia ile kamba mwenyewe.

"Ukiingia usianze na mashine," aliniambia. "Tazama mikono ya watu. Mashine wataipaka rangi wakisikia tunakuja. Mikono haipakwi rangi."

Nilitazama. Mpaka leo nikisalimiana na mtu macho yangu huenda kwenye vidole kabla ya uso, na wajukuu wananicheka.

Msiniulize kama niliizoea kazi hiyo, maana sikuizoea. Afisa kazi ana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi, kuwahoji wafanyakazi mwajiri akiwa hayupo, hata kuamuru mashine ya hatari isimamishwe. Hayo yote yamo kwenye sheria. Lisilokuwamo ni ule ukimya unaokupokea ukishauliza swali. Wao wanaogopa kukujibu, nawe unaogopa watakachokujibu.

Baada ya miaka ya ukaguzi nikahamishiwa usuluhishi, Bagamoyo mjini. Msuluhishi si hakimu. Anakaa kati ya mfanyakazi na mwajiri, anawasikiliza na kuwasaidia wapatane. Wakishindwa, shauri linakwenda kwa mwamuzi, ambaye ndiye anayetoa uamuzi wenye nguvu ya kisheria. Msuluhishi Mfawidhi wa hapo, mzee mkavu asiyependa soga, alinipa onyo moja tu: "Usimhurumie mtu kabla hujamsikia mwenzake." Nikajitahidi kulishika. Kwa mfanyakazi mmoja, Tatu, nilishindwa.

Tatu kwao ni Miono. Alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda kimoja njia ya Mapinga kinachochambua usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi zinazojazwa kwenye magodoro. Mashine ya kuchambulia ilimvuta mkono wa kulia, vidole vikasagika. Daktari akasema lazima apasuliwe.

Kabla ya kwenda kulazwa alifanya tunavyofanya watu wa pwani tunapokabili jambo ambalo hatujui kama tutatoka salama. Alizunguka kiwanda kizima kuomba radhi. "Jamani, mimi naondoka. Nilipowakosea nisameheni, nami nimewasamehe. Hatudaiani." Alimwambia hivyo msimamizi wake, Bwana Kibwana, mtu mzima wa hapa hapa Bagamoyo. Akamwambia na afisa rasilimali watu, kijana msomi kutoka bara ambaye alikuwa bado mgeni kwetu.

Aliporudi na bandeji yake alikuta nafasi yake ina mtu mwingine. Yule kijana akamwambia, "Dada, si uliacha kazi mwenyewe? Ulituaga, ukasema hatudaiani."

Dada yake ndiye aliyemsukuma afungue shauri la kuachishwa kazi isivyo halali. Siku ya usuluhishi Tatu alikaa mbele yangu, mkono kaufunika kwa mtandio. Kijana alianza kueleza, na alivyokuwa akieleza hofu ikaniingia, kwa sababu niliona wazi kwamba hasemi uongo. Alichokisikia ndicho alichokiamini. Mwongo ungeweza kumbana kwa maswali, lakini huyu ningembana na nini?

Nikawakumbusha wote wawili kwamba anayeacha kazi hutoa notisi ya maandishi. Nikaongeza kwamba mfanyakazi aliyepata ulemavu haondolewi kabla mwajiri hajaangalia kama kuna kazi nyingine ya kumpa, au kama anaweza kumrekebishia mazingira: meza, kifaa, hata zamu, ili afanye kazi na hali aliyonayo. Sheria ilikuwa upande wa Tatu. Shida ni kwamba Tatu mwenyewe hakutaka kukaa upande huo.

"Ulisema hatudaiani?" nikamuuliza.

"Nilisema, Mama."

"Ulikuwa na maana kwamba unaacha kazi?"

Aliinama. "Mama, mimi nilisamehe mbele ya Mungu. Leo nikisema nawadai, si nimeitengua radhi yangu? Na mkono huu daktari bado anataka kuupasua. Nikifa juu ya kitanda cha hospitali nimeitengua, nitasema nini huko niendako?"

Mimi si shehe, nisingeweza kumwambia anakosea. Na nilijua kwamba asiposema kwangu hatasema hata kwa mwamuzi. Atarudi Miono na mkono mmoja, bila kazi, na kila mtu atasema aliondoka kwa hiari yake.

Bwana Kibwana alikuwa amekuja upande wa mwajiri, kuthibitisha kwamba Tatu aliaga. Nikamgeukia.

"Bwana Kibwana, alipokuomba radhi ulimjibu nini?"

Akamtazama kijana. Mkataba wake ulikuwa wa muda maalumu, unakaribia kwisha, na anayependekeza uhuishwe ni huyo huyo kijana. Niliogopa kwa ajili yake, wallahi, na bado nilimngoja.

"Nilimjibu kama tunavyojibu," akasema.

"Tunajibuje?"

"Nimekusamehe, nawe nisamehe. Mungu akurudishe salama."

"Akurudishe wapi?"

Akajipangusa uso kwa kofia yake. "Kazini," alisema kwa sauti ndogo. "Nilijua atarudi. Sote tulijua."

Kijana akamgeukia. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, bosi."

Nikamweleza kijana kwamba kwetu mtu huomba radhi akiwa bado anatamani kurudi. Akaomba atoke apige simu kwa meneja. Wakapatana siku ile ile. Tatu akarudi kazini, akawekewa meza ya kukagua na kupanga mafungu ya usumba kwa mkono wa kushoto, mbali na mashine. Mkataba wa Kibwana nao ulihuishwa.

Ila ushindi ule ulikuja na jambo ambalo sikulitegemea. Pale kiwandani watu waliacha kuombana radhi. Mtu anaitwa hospitali, anachukua kanga yake au mfuko wake, anatoka kimya. Waliogopa maneno yao wenyewe.

Nilistaafu nikijua hilo, na lilinikera. Ninyi maafisa vijana mnaotaka niwaambie ushindi wangu, sheria mnaijua kuliko mimi. Mimi nawaomba muulize watu walijibizana nini.

Wiki iliyopita Tatu alikuja nyumbani, akaniamkia, akakaa. Daktari kamwita tena, mkono umeoza ndani.

"Mama, nikienda bila radhi nikafia huko, itakuwaje? Nikiiomba, watasema nimeacha kazi."

Nilimwambia aiombe, na nitakwenda naye. Tukaenda. Alipita kila idara, nami nyuma yake. Bwana Kibwana alimjibu kwa sauti ya kusikika mpaka getini. Mwisho tukafika kwa yule kijana. Tatu akasema maneno yote, hata lile la hatudaiani. Kijana alisimama. Jibu la kwetu alikuwa keshalisikia, lakini nadhani naye aliogopa kulikosea.

"Nafasi yako ipo, dada," akasema. "Meza yako haikaliwi na mtu."

Tatu akalia pale pale.

Leo asubuhi wamemwingiza chumba cha upasuaji. Dada yake aliahidi kupiga. Simu ninayo mapajani, imeshalia mara moja, na sikuthubutu kuipokea.