Nyungunyungu wa Kuazima

Mimi mguu wangu haujui kutulia, na kila nikipita Endarasha hulala kwa Ngendo, ambaye watu humwita Mama Wahome. Ni mjane. Wahome mwenyewe, mwanawe, aliondoka zamani na harudi. Mama amebaki na ekari moja ya viazi, basi.

Miaka mitatu iliyopita alipona kifua kwa Mukhtar, muuza dawa za miti kule Nyeri mjini. Uani kwa Mukhtar aliona magunia ya magome na majani ya mwarobaini yaliyokwisha kuchemshwa, yanangoja kutupwa. Akayaomba.

"Kitu imeponya mtu, itashindwa na udongo?" aliniambia wakati huo.

Akayamwaga shambani. Mwaka wa kwanza magugu yalipungua, akafurahi. Mwaka wa pili viazi vikatoka kama gololi. Yeye akasema udongo ni mgonjwa na dozi haikatizwi. Akaongeza magunia.

Mwezi wa tano mwaka huu nilimkuta na Waweru, afisa wa kilimo, wameinama juu ya karai. Upande mmoja wa karai walitia udongo wa jirani, Kihara. Upande wa pili, udongo wa Ngendo wenye yale mabaki ya dawa. Katikati kadibodi. Ikitolewa, nyungunyungu kumi wangewekwa pale mpakani, na baada ya siku mbili ingeonekana wamechagua wapi.

"Sasa chimba kumi, mama," Waweru alisema.

Tulichimba shambani kwake asubuhi nzima, Ngendo na mimi. Hatukupata hata mmoja. Akachukua kopo, akaenda kwa Kihara.

"Ati unaomba nyungunyungu?" Kihara alicheka mpaka akashika ua. "Mama Wahome, watu huomba chumvi! Wako wameenda kuoa?"

Ngendo alimnyooshea kopo, akachimbiwa kumi.

Siku hizo mbili alifunika karai kwa gunia, na kila mara alilisogelea polepole, kama mtu anayeingia kwa mgonjwa.

"Wakibaki hata watatu upande wangu," alisema, "nitapanda tena."

Waweru aliporudi alirudisha kadibodi mahali pake, akachambua udongo kwa vidole. Kwa Kihara, tisa. Kwa Ngendo, mmoja, amelegea, amekufa.

"Ni dawa?"

"Ni dawa, mama. Imezidi."

"Itatoka lini?"

Waweru aliangalia viatu vyake. "Sijui. Pengine miaka."

Ngendo ana miaka sabini na moja. Aliokota wale tisa mmoja mmoja, akawarudisha koponi pamoja na udongo wao, tukaenda mpaka kwenye ua.

"Kumi nilichukua," alimwambia Kihara. "Mmoja nimekuulia."

Kihara safari hii hakuwa na mzaha. "Ai, Mama Wahome. Kaa nao tu."

"Niwaweke wapi?"

Kihara alitazama shamba lile lililolala wazi nyuma yetu. Kisha akanyoosha mkono, akapokea kopo.